Paipu ya Gurudumu la Nyuma Kushoto

Nambis, nyumbani
Alasiri

Paskalina mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda Dongobesh kumuaga shangazi yako, na kwa jinsi ninavyomjua dada yangu, hatakuachia mpaka umekula mara mbili na kufungashiwa. Kwa hiyo nina muda wa kuandika. Nimeshachana karatasi mbili, hii ni ya tatu, na hii siichani.

Sitakuandikia habari za kula vizuri wala za kuchagua marafiki. Hayo umeambiwa na kanisa zima Jumapili, mpaka nikakuonea huruma ulivyokuwa umesimama pale mbele. Na habari za gari, mimi ni nani nikufundishe? Nimeendesha miaka kumi na nane bila kujua kwamba kuna disiki za breki zenye matundu katikati ya kupitisha hewa. Ulinionyesha wewe, na nikajifanya nilikuwa najua.

Ninachotaka kukuambia nimejaribu kukisema kwa mdomo mara tatu tangu urudi, nikashindwa mara zote tatu. Kesho unakwenda Balangdalalu. Huko yuko Fundi Ramadhani, na umeapa kwamba ukimkuta utamwaibisha mbele ya wateja wake kwa kifo cha mama yako. Usifanye hivyo. Siyo yeye. Hapo ndipo mdomo wangu unapokwama kila mara, kwa hiyo niache niende taratibu.

Unanijua mimi ni mtu wa hasira. Ng'ombe akikanyaga vitunguu saumu nafoka, redio ikisema jambo la kijinga nabishana nayo. Watu wanadhani mtu wa kelele ni jasiri. Mwanangu, mimi ni mwoga, na nimeujua uoga wangu miaka tisa sasa.

Uliporudi kutoka chuoni ukaniambia unataka kulifufua gari, nilikataa. Nilifoka kwamba lile gari ni kaburi, liache. Lilikuwa limekaa bandani chini ya turubai, kuku wanatagia kwenye siti ya nyuma, na mimi nikiingia kuchukua jembe nilikuwa napita nikiangalia ukuta. Ukanijibu kwa upole kwamba injini ya dizeli ya namna ile haifi kirahisi, bodi itanyooshwa, kilichobaki ni breki, na breki utaweka nyingine, bora kuliko zilizotoka nalo kiwandani. Ningesema nini? Mtoto amesomea ufundi wa magari, gari lipo, mradi wa wakulima umempa kazi ya kutunza matrekta yao, anahitaji usafiri. Mzazi gani anakataa bila kutoa sababu? Na sababu yangu sikuweza kuitoa.

Basi ukaagiza vifaa Arusha, vya gari la aina hiyohiyo lakini la miaka ya karibuni. Mbele ukaweka disiki nene. Nyuma ukatoa zile dramu ambazo kila masika zilikuwa zinajaa matope, ukaweka disiki huko pia. Mzee Gwandu jirani alikuja kukutania, akauliza kwa nini unalifungia breki za lori gari ambalo hata kuwaka halijawaka. Ukamwambia, shikamoo babu, gari kuondoka siyo kazi, kazi ni kusimama. Alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilikuwa nyuma ya banda, nikashindwa kucheka.

Siku ya kutoa paipu za zamani ukaniita. Ulikuwa umelala chini ya gari, ukatoka na kipande cha paipu mkononi, ukakipangusa. Ilikuwa paipu inayopeleka mafuta ya breki kwenye gurudumu la nyuma kushoto. Imekunjwa, imebanwa, imepigwa nyundo mpaka imekuwa bapa. Uliigeuza geuza, machozi yakakujaa, ukasema:

"Baba, yule mtu ndiye alimuua mama."

Nikakuambia uingie ndani ule.

Paskalina, paipu ile niliibana mimi. Kwa plaizi yangu na nyundo yangu, hapa hapa uani, wewe ukiwa bweni.

Mtu wa huku hatashangaa kusikia nilivyofanya. Madereva wote tulifanya. Gurudumu likianza kuvujisha mafuta ya breki, na raba za kuziba mafuta hazipo dukani, unaikunja paipu ya gurudumu hilo, unaipiga nyundo, mafuta hayaendi huko tena. Gari linabaki na breki za magurudumu matatu, na unaendelea na kazi. Wiki, miezi, wengine mwaka. Tulikuwa tunachekana stendi kwamba hata kigoda kina miguu mitatu na hakianguki. Mimi ndiye nilipenda sana kusema hivyo.

Wiki ile ya ajali nilikuwa nimelipeleka gari kwa Ramadhani. Enzi hizo gereji yake ilikuwa Dongobesh, nyuma ya maduka. Babu yake alitoka Kondoa na biashara ya nguo, lakini yeye mwenyewe amezaliwa pale pale, na alikuwa fundi ambaye ukimwachia gari unalala. Akabadilisha pedi za mbele. Akafungua nyuma, akaniita nione: raba za kushoto zimeisha, zinavuja. Akaniambia, "Baba Paska, liache gari hapa. Raba nimeagiza Katesh, zinafika Jumatano." Jumatano ilikuwa mbali. Vitunguu saumu vilikuwa vimeshafungwa kwenye magunia, na lori la mnunuzi lilikuwa linakuja Dongobesh siku ya mnada, kabla ya Jumatano hiyo. Nikamwambia sawa, ngoja nifike nyumbani mara moja, nitalirudisha. Sikulirudisha. Nilifika hapa nikachukua plaizi.

Asubuhi ya mnada kulikuwa na manyunyu. Mama yako alipanda mbele, akaweka kikapu miguuni. Unamkumbuka alivyokuwa, haulizi maneno mengi. Tulipotoka getini akaniuliza, "Breki zimepona?" Nikamjibu, "Fundi amemaliza." Akaridhika. Akafunga kitenge vizuri, akaanza kunihadithia habari zako na barua uliyoandika kutoka shule.

Kwenye ule mteremko kabla ya daraja nilikanyaga, pedeli ikazama. Nikapampu, ikashika, lakini ilishika upande mmoja. Mkia wa gari ukazunguka kwenye tope, tukashuka korongoni kwa ubavu wa kushoto, upande wake. Mimi nilitoka na mkono uliovunjika. Mengine unayajua, ulikuwepo makaburini.

Sasa sikiliza jambo lililofuata, maana hapo ndipo kosa langu kubwa lilipo. La kwanza lilikuwa la haraka na ujinga. La pili nililifanya nimekaa kwenye kiti, nina akili zangu zote.

Baada ya mazishi wazee walikaa. Trafiki alikuwa ameandika kwamba ajali ni ya breki, basi. Mzee mmoja akaniuliza gari lilikuwa limetoka wapi wiki ile. Nikasema, lilikuwa limetoka kwa Ramadhani. Sikutamka uongo hata neno moja, na ndivyo nilivyojiambia kwa miaka. Wakamwita. Alikuja na kofia yake mkononi, akasimama, akasema kwamba alikuwa amenishauri niache gari. Wazee wote wakanigeukia. Nikaangalia chini. Mmoja akasema, mwacheni, ana msiba. Nikaachwa.

Wakaamua atengwe. Unajua mambo yetu yalivyo: aliyetengwa hapewi moto, hapewi maji, hasalimiwi, na anayekwenda kwake naye anatengwa. Ramadhani siyo mtu wa kabila letu na hakuwa na ng'ombe wa kuzuiwa kisimani, lakini wateja wake wote walikuwa sisi. Gereji ikanyamaza. Mke wake akifika mashine ya kusaga, wanawake wanaondoa ndoo zao kwenye foleni. Na siku ile ya kuamua, walipotakiwa wanaokubali wasimame, na mimi nilisimama. Mkono umefungwa shingoni kwa kitenge cha mama yako, nikasimama.

Kabla ya mavuno alikuwa ameshahama. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekwenda miaka tisa, tena sikuhangaika hata kuifyeka, watu waliifyeka kwa ajili yangu. Waliniletea maharage, maziwa, walinilimia shamba msimu ule wote. Kila mtu pole, pole sana Bura. Nilizipokea pole zile zote, mwanangu. Mpaka leo nikikumbuka nasikia aibu mwili mzima.

Utaniuliza kwa nini sikusema baadaye. Mwanzoni niliogopa wazee. Halafu wewe ulirudi likizo ukiwa umeshaambiwa habari za fundi aliyeua, ukawa unazisema mwenyewe. Nikaona nikifungua mdomo nitakuacha bila mama na bila baba. Nikasema ngoja amalize kidato cha nne. Ukamaliza. Nikasema ngoja aingie chuo. Ukaniambia unakwenda kusomea magari ili asitokee tena fundi wa namna ile, na mimi nikaweka mkono kichwani pako nikakubariki. Uliondoka kwenda kusoma kwa sababu ya uongo wangu, na nilikubariki juu yake. Tangu siku ile nilijua hakuna tena wakati mzuri wa kusema.

Ulipopata kazi Balangdalalu nilijua Ramadhani yuko huko. Ndiyo maana wiki tatu zilizopita nilikuaga kwamba nakwenda kutafuta mbegu za alizeti. Nilikwenda kwake. Ana banda la mabati karibu na barabara, trekta mbili zimefunguliwa mbele, ndevu zimekuwa nyeupe. Aliponiona aliweka spana chini, akafuta mikono, akanikaribisha kama mgeni yeyote, akamwambia mke wake alete chai. Mke wake aliileta, akaiweka, akaondoka bila kuniangalia.

Mimi nikaanza kuongea habari za mvua. Mvua, Paskalina! Nikaongea mvua, nikaongea bei ya alizeti, nikasifu mlima Hanang unavyoonekana vizuri ukiwa upande ule. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Halafu akasema, "Baba Paska, nilikwenda korongoni siku ile jioni. Niliinama nikaiona paipu."

Nikamuuliza kwa nini hakuwaambia wazee. Akasema mtu ametoka kuzika mke wake, yeye angesimamaje amwambie mbele ya watu kwamba amemuua? Alidhani nikishatulia nitasema mwenyewe. Alisubiri mwezi, akasubiri mavuno yakaribie, halafu watoto wake wakakataa kwenda shule kwa kutengwa na wenzao, akafunga virago.

Nilitaka kupiga magoti. Badala yake nilibaki nimeshika kikombe. Nikamwambia kwamba binti yangu anakuja kufanya kazi pale. Akasema amesikia, na akija atampokea kama fundi mwenzake, maana matrekta ni mengi na mafundi ni wachache. Kisha akasema neno ambalo ndilo linaloniandikisha barua hii:

"Lakini aje akiwa anajua. Mimi sitamwambia, hiyo ni kazi yako. Nimechoka kuangaliwa vile."

Nilirudi nyumbani na mbegu za alizeti ambazo sikuzihitaji.

Halafu ikaja siku ya kutoa upepo kwenye breki. Ulinikalisha kwenye siti ya dereva, ukaingia chini, ukaniambia nifanye utakavyosema tu. Kanyaga. Shikilia. Achia. Kanyaga tena. Nikafikiri, hapa ndipo penyewe: siuoni uso wake, naye hauoni wangu, niseme. Nikafungua mdomo kabisa. Ukanitangulia wewe kutoka huko chini, unaongea na huku unazungusha spana, kwamba umesikia Ramadhani ana gereji kule kule unakokwenda, na kwamba kipande cha paipu unakwenda nacho. Ukasema utamngoja awe na watu wengi. Ukasema unataka watoto wake wasikie. Halafu ukasema kanyaga, baba. Nikakanyaga. Ukasema shikilia. Nikashikilia mpaka mguu ukatetemeka, na nilikuwa nalia juu ya usukani, na ulipotoka chini ukadhani ni kwa sababu ya mama yako, ukanikumbatia na mikono yako ya grisi. Sijawahi kujichukia kama siku ile.

Na juzi ulipolijaribu gari. Ulinipandisha, tukaenda mteremko ule ule. Mimi mwenyewe nisingekwenda, lakini nilikosa nguvu ya kukukatalia. Ukaliachia likashika kasi, ukakanyaga, likasimama. Limenyooka kabisa, halikuvuta kulia wala kushoto. Ukarudia kwenye tope. Likasimama. Ukanigeukia unacheka, na nikaona umefanana na mama yako mpaka nikageukia dirishani. Umefanya kazi nzuri sana, mwanangu, na sikukuambia vizuri, nilisema tu "haya". Nakuambia sasa. Baba yako hajawahi kukaa kwenye gari linalosimama namna ile.

Leo asubuhi nilikiona kipande cha paipu, umekifunga kwenye gazeti ndani ya sanduku la spana. Nilikitoa. Nilikwenda nacho mpaka mlangoni pa choo, nikasema nikidumbukize, uende bila ushahidi, hasira itapoa yenyewe. Hata sasa, na uzee huu, ndivyo nilivyotaka kufanya. Nimekirudisha. Ni chako, utajua mwenyewe la kufanya nacho.

Jumamosi wazee wanakaa kwa habari ya mipaka ya mashamba. Nimeomba nafasi ya kusema neno, na wamenipa bila kuuliza, maana mimi ni Bura mwenye msiba na huwa hawanikatalii. Nitasimama niseme yote niliyoandika hapa. Sijui watafanya nini. Huenda wakanitenga mimi, na Mzee Gwandu aliyekuwa anakutania hatapita tena hapa. Ikiwa hivyo, ukirudi nyumbani likizo utakuwa unaingia kwa mtu aliyetengwa, na hilo litakugusa na wewe. Nimelifikiria sana na sioni pa kupitia. Nikisema nakuumiza, nikinyamaza nakuumiza, na Ramadhani anazeeka na lawama isiyo yake.

Sikuombi unisamehe. Ningekuwa na haki ya kuomba ningekuwa nimeomba kwa mdomo, ana kwa ana, kama mwanaume. Wala sitakuambia mtu afanye hivi au asifanye vile, maana kila neno la namna hiyo nikilianza linanirudia. Nakuambia tu nilichokiona: neno lililotakiwa kusemwa siku moja, nililiacha, na kila mwaka lilikuwa zito zaidi, mpaka leo limehitaji karatasi zote hizi. Siku ile lilikuwa maneno matatu tu, niliibana paipu mwenyewe. Ningeyasema nikiwa nimekaa.

Nakuogopa wewe kuliko wazee. Wazee watanihukumu kwa nilichomfanyia Ramadhani. Wewe nimekunyima mama, halafu nikakunyima hata ukweli wa kumlilia. Kwa miaka tisa umekuwa ukimchukia mtu asiyehusika, na aliyehusika alikuwa anakupikia uji asubuhi.

Barua hii naiweka kitandani kwako sasa hivi, kabla moyo haujageuka tena. Kesho nitaamka mapema nifungue geti, nikae pale kwenye gogo. Tangu ujue kusema hujawahi kunipita asubuhi bila shikamoo, hata siku tulizogombana. Kesho shikamoo ikikataa kutoka, usiilazimishe. Pita tu, panda gari, uende. Mimi nitaitika marahaba hivyo hivyo, hata kama hujasema kitu.

Baba yako,
Bura